Swali la Kumi na Moja

Nimepewa kalamu mbili, kitambulisho chenye picha iliyonizeesha,
na dodoso la maswali kumi na moja.
Shirika la Maji linataka kujua kama mmeridhika.
Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa,
na katikati, aliniambia msimamizi, ndiko waishiko wengi.

Gyumri, mwezi wa pili. Theluji imeshika masizi.
Lifti ya jengo hili ilikufa kabla sijaolewa.
Napanda.

Ghorofa ya kwanza, Bibi Hripsime hatoi mnyororo.
"Rangi ya maji?" namuuliza kupitia ufa.
"Ya chai," anasema. "Ile ya mgeni usiyempenda."
Natafuta kisanduku. Kuna *safi*, kuna *ukungu kiasi*.
Chai haimo.
Swali la kumi na moja: *Je, utampendekezea rafiki huduma yetu?*
Anacheka hadi mnyororo unalia.
"Kwani rafiki yangu ana bomba la nani?"

Ghorofa ya tatu, Vardges, fundi wa kale wa kiwanda cha soksi,
ananiongoza hadi bafuni bila kusema neno.
Hodhi la kuogea limejaa pomoni. Juu yake ubao,
juu ya ubao ndoo nne, sufuria ya harusi,
na mitungi ya kachumbari iliyosuguliwa ikang'aa.
"Siku hizi maji ni saa ishirini na nne," namkumbusha,
kama nilivyofundishwa.
"Najua. Mwaka wa saba huu."
"Sasa mbona…"
Ananitazama kama mjane
aliyeulizwa mbona bado amevaa pete.
"Andika nne," anasema.
"Tano nitawapa siku nitakayosahau kukinga."

Ya nne: watoto, klorini, vitunguu.
Zaruhi analipia mita inayozunguka
hata akiwa kwa dada yake, Vanadzor, wiki nzima.
Anataka niandike neno kwa neno.
Nafasi ya maoni ni mistari miwili.
Naijaza, napanda pambizoni, nageuza karatasi ubavu,
herufi zangu zinakonda, zinakuwa sisimizi,
naye bado yuko kwenye bili ya Novemba.

Ya tano hakuna aliyeitika.
Ila nyuma ya mlango nasikia bomba likikohoa:
hewa, hewa,
kisha mate.

Nashuka na kiu. Maswali yote hayo juu ya maji
na hakuna aliyenikaribisha gilasi,
wala mimi sikuthubutu kuomba.

Uani pana pulpulaki, bomba la jiwe jeusi.
Halina koki, halina mita.
Maji yanaruka shubiri moja juu, usiku na mchana,
na kuyanywa sharti uiname.
Limechongwa jina, Garnik, na miaka miwili
iliyokaribiana mno.
Wazazi wake hawakutaka sanamu.
Walitaka apitaye anywe.

Nainama. Baridi inapiga meno, inashuka kifuani.
Hayana ladha yoyote. Ndiyo ladha niliyoitafuta tangu asubuhi.
Nyuma yangu mwanamume mwenye mbwa anangoja zamu,
kofia mkononi.

Nachomoa fomu tupu.
Jina la mteja: Garnik.
Idadi ya watumiaji: sijui, na mbwa mmoja.
Presha: shubiri.
Malalamiko: hapana.
Wino unaganda kabla ya swali la mwisho.
Msimamizi ataitupa, najua;
atasema mteja huyu hana namba ya akaunti.

Nyumbani, kabla sijavua buti, nafungua bomba.
Yanatoka.
Nakinga ndoo moja.
Halafu ya pili.